Karatasi Nyuma ya Mlango wa Mashine

Nina hasira za karibu. Wenzangu wa redio, hapa Kasongo, walizoea kunitania kwamba hata kompyuta huanza kufanya kazi vizuri ikisikia viatu vyangu kwenye korido. Nilikuwa nikicheka pamoja nao, na moyoni nilikuwa nikikubali. Nilikuwa fundi pekee wa nyumba ile, na kabla ya hapo nilifundisha informatiki miaka kumi katika shule ya wasichana. Nilizoea kuwa mtu anayejua.

Redio yetu ni ndogo. Ina studio moja, chumba cha mashine, betri nane chini ya dirisha na paneli za jua juu ya bati. Kazi iliyofanya watu watupende hadi Kabambare na Salamabila ni matangazo ya kutafutana. Mtu aliyepotezana na watu wake siku ya kukimbia vita anakuja, anakaa mbele ya kipaza sauti, anaongea dakika mbili kwa lugha yake. Tunaitoa hewani, kisha tunaiweka sauti hiyo kwenye tovuti yetu. Mawimbi yetu hayafiki mbali, lakini motari, yaani vijana wa pikipiki za safari ndefu, husimama chini ya ukuta wetu kila Ijumaa, wanapakua sauti mpya kwa wifi ya redio, na kwenda kuzichezesha kwa spika ndogo katika soko la Wamaza na kwenye machimbo ya Salamabila. Hakuna aliyewatuma. Walianza wenyewe, na wakaendelea.

Miezi mitatu kabla ya haya ninayosimulia, nilitengeneza skripti, yaani programu fupi, ya nakala ya akiba. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Inaingia kwenye seva iliyoko ng'ambo, inafunga mafaili yote ya tovuti katika furushi moja, inaliteremsha hadi kwenye diski ya chumba chetu cha mashine, inaliandika tarehe, kisha inaandika neno moja katika daftari lake: TAYARI. Niliiendesha kwa mkono mbele ya direkta, mkuu wetu, na wenzangu wote. Furushi likashuka, neno likaonekana, wakapiga makofi. Baada ya hapo nikaiweka kwenye ratiba ijiendeshe yenyewe kila siku saa nane ya usiku. Kitabu nilichojifunzia kilisema saa hiyo ndiyo nzuri, kwa kuwa wanaotembelea tovuti ni wachache.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu kwenye mkutano direkta aliuliza kama nakala ya akiba iko, nami nilijibu iko. Sikuwa nikifungua diski kutazama. Na kwa kuwa nilisema iko, watangazaji walianza kufuta sauti kwenye kinasa mara tu zilipopanda kwenye tovuti, maana kinasa chetu kina nafasi ndogo. Waliniuliza kwanza kama hakuna hatari. Niliwajibu kwa dharau kidogo kwamba wakati wa kubana vitu chini ya godoro umekwisha.

Jumanne moja asubuhi tovuti haikufunguka. Nilidhani ni mtandao wa Kasongo na ugonjwa wake wa kila siku, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta barua ya kampuni iliyotukodisha seva. Ilikuwa fupi na ya adabu. Diski zao zimekufa, hawakuweza kuokoa chochote, na wateja wanaombwa kurudisha tovuti kutoka kwenye nakala zao wenyewe. Sikutetemeka. Nakiri kwamba nilijisikia hata fahari, kwa sababu siku ya kuonyesha kazi yangu ilikuwa imefika.

Nikafungua diski. Ndani mlikuwa na furushi moja tu, na tarehe yake ilikuwa ya siku ile ya makofi. Nikafungua daftari la skripti. TAYARI, mara moja, basi. Nilipekua kila folda, nikazima na kuwasha, nikapekua tena. 

Haikunichukua muda kuelewa. Saa tatu ya usiku, kila siku, sentineli wetu, mlinzi wa usiku, anazima kila kitu ili betri zisife, na alfajiri anawasha tena kabla ya habari. Saa nane ya usiku hakuna mashine inayopumua katika nyumba ile. Nimeishi Kasongo maisha yangu yote, na sijawahi kuona umeme saa nane ya usiku isipokuwa penye harusi. Bado niliinakili saa ile kutoka kitabuni, kana kwamba ninakaa katika nchi ya aliyekiandika. Ningesema hilo palepale, mambo yangekuwa mepesi. Badala yake nilitafuta mtu.

Sentineli wetu ni mzee wa umri wa baba yangu, Mwislamu, mwenye kofia iliyofuliwa hadi ikapoteza rangi. Nilimkuta uani akifagia, direkta na watangazaji wakiwa kwenye baraza. Nilipaza sauti. Niliuliza nani alimpa ruhusa ya kuzima mashine ya nakala, nikasema ameua kumbukumbu ya redio kwa mkono wake, miezi mitatu ya watu waliotafutana. Aliacha kufagia. Alinitazama, kisha akautazama mlango wa chumba cha mashine, kisha akainamisha macho.

"Basi, Mama, nimesikia," alisema.

Alisema hivyo tu. Direkta, ambaye hapendi kelele, aliamua kwamba mzee akae kwake hadi mkutano wa Jumatatu, na huko ndiko ingeamuliwa kama anabaki au anakwenda. Mzee alitoa funguo mfukoni, akazifuta vumbi kwa kanzu yake na kuziweka juu ya meza. Nilirudi kwenye chumba cha mashine, nikausukuma mlango ufungike ili nilie peke yangu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi. Nilikuwa nikipita mbele yake kila siku, lakini mlango ule hukaa wazi daima, karatasi imekandamizwa ukutani. Iliandikwa kwa kalamu nene: ZIMA VYOTE SAA TATU YA USIKU. HATA MASHINE. BILA KUKOSA. Chini kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yangu. Nilikumbuka siku niliyoiandika, muda mrefu kabla ya skripti, siku betri mbili zilipokufa kwa kuachwa zikifanya kazi usiku kucha. Siku hiyo pia nilimfokea mzee, na kabla ya kwenda nyumbani nikamsomea ile karatasi mara mbili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Niliibandua. Utepe wake ulitoka na kipande cha rangi ya mlango. Niliikunja mara nne na kuitia katika mkoba wangu, chini kabisa, chini ya kitana na leso. Nilijiambia nitaiongelea baadaye, mambo yakitulia.

Kesho yake, Jumatano, mwanamke akashuka kwenye pikipiki mbele ya geti letu. Alikuwa amejaa tope jekundu hadi magotini. Alitoka Wamaza, siku mbili njiani, maana mvua ilikuwa imekata barabara sehemu mbili. Alipofika ofisini alikataa kiti, akasimama ameshika mkoba wake mdogo kwa mikono miwili, akanieleza alichofuata.

Mama yake alifariki hapa Kasongo. Watu wema wa Salamabila walimleta hospitalini, naye kabla hajazidiwa aliomba apitishwe redioni. Nilikumbuka mara moja. Ni mimi niliyemwekea kipaza sauti, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa wachache. Bibi mwembamba, mwenye fimbo, aliyeongea Kibangubangu kwa sauti ya chini bila kupumzika. Mimi ni Mzimba, Kibangubangu sikijui zaidi ya salamu. Nilikuwa nikitazama taa za mashine tu, kuhakikisha sauti inaingia vizuri.

Siku ya kukimbia, alisema mwanamke yule, risasi zilikuwa zinakaribia na miguu ya mama yake ilikuwa imekataa. Alikuwa na watoto watatu. Mama alimwamuru aende, mwishowe akaenda. Alipokuwa ameingia kwenye majani, alisikia mama anamwita nyuma kwa nguvu. Hakuyapata maneno. Hakurudi.

"Sijui aliita nini," aliniambia. "Labda alitaka nirudi nimubebe. Labda alinilaani. Ndugu zangu wanasema nilimutupa mama ku njia. Siku ya Mungu ni arobaini yake, na walishasema kama siko na neno ya mama mwenyewe, sitakaa nao ku mukeka."

Aliendelea kueleza kwamba watu wa Wamaza walisikia kuwa mama aliongea redioni na kutaja jina lake. Wengine walisema alimbariki. Wengine walisema alimkana. Kwao, kama ilivyo kwetu, neno la mzazi la kumfungua mtoto halipelekwi kwa mdomo wa jirani. Alitaka kuisikia sauti yenyewe, na kuibeba kwenye simu aende kuwasikilizisha kaka zake. Jumamosi alfajiri ilikuwa lazima aondoke, asipoondoka asingewahi arobaini ya Jumapili.

Nilipaswa kumwambia. Maneno yalifika kwenye ulimi, nikayameza.

"Mashine iko mugonjwa, mama," nilisema. "Urudie kesho."

Alinishukuru. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alinishukuru.

Usingizi wangu siku hizo ulikuwa wa kuokoteza. Alhamisi asubuhi nilijaribu kila nilichokijua. Niliunganisha kinasa sauti na kompyuta, nikaendesha programu ya kufufua vilivyofutwa, ikafufua vipande vya kwaya na hotuba ya mkuu mmoja kuhusu usafi wa soko. Niliandikia kampuni ya seva barua tatu, ya tatu ikiwa ya kuomba kama mtu anayelia, nikapata jibu lilelile la adabu. Nikampigia mtangazaji wetu aliyejua Kibangubangu, ambaye alikuwa amehamia Kindu. Ni yeye aliyetoa muhtasari hewani siku ile. Alifikiri, akasema bibi aliwasalimia watoto wake, aliwataja majina. Nikamuuliza zaidi ya hapo alisema nini.

"Mambo ya unga," alijibu. "Nilifikiri ni njaa. Sikusikiliza mpaka mwisho, dada, nilikuwa na habari ya saa sita."

Nilitaka kumtukana, nikakumbuka sina haki. Nilikata simu na kukaa nikiitazama skrini tupu.

Mchana mwanamke wa Wamaza alirudi. Alikuwa amefua kitenge chake, tope limetoka. Nilimwambia mashine bado. Alitikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta, nami nikatokea mlango wa nyuma ili nisipite mbele yake. Mtu mzima mwenye diploma, natembea kwa kunyata nyuma ya choo cha redio. Nilijichukia kwa kila hatua.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mzee sentineli kwenye geti. Alisimama nje, hatua moja kabla ya kizingiti, kwa sababu aliambiwa asiingie. Mwanamke wa Wamaza alikuwa pembeni yake. Kumbe tangu Jumatano alikuwa analala kwa mzee, kwenye nyumba iliyo nyuma ya redio, na mke wa mzee ndiye aliyempa chakula na maji ya kuoga. Wakati mimi nilikuwa nikimkwepa, wao walikuwa wakimsikiliza.

Mzee alinisalimu kama siku zote. Kisha akasema taratibu kwamba jana jioni alimuuliza mgeni swali moja: hao watu wa Wamaza, sauti ya mama yake waliisikia wapi, kama redio yetu haifiki huko.

"Alinijibu ni ku spika ya motari, sokoni," alisema mzee. "Motari wa koti ya kijani. Ule namujua, Mama. Leo ni Ijumaa, iko hapa ku ukuta."

Kwa siku tatu nilikuwa nikitafuta sauti ile ndani ya waya, na haikunijia kumuuliza mwenye shida swali moja la kawaida. Nilitembea upesi hadi ukutani, nao wakanifuata. Motari wa koti la kijani alikuwa anafunga madumu ya mafuta nyuma ya pikipiki. Alimkumbuka bibi wa fimbo, alikumbuka hata mahali alipoichezesha sauti yake, karibu na wauza samaki. Nikamwomba anionyeshe kwenye simu. Akacheka kwa aibu. Kadi yake ya memori ni ndogo, kila Ijumaa huipeleka kwenye kibanda cha kujaza nyimbo, inafutwa yote, anaanza upya. Ilikuwa imekwisha kufutwa mara tano tangu wakati ule.

Mwanamke wa Wamaza alichuchumaa chini, akashika kichwa. Hakulia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikaona kwamba hakuna tena mlango wa nyuma wa kutokea. Nilichuchumaa nikamwambia ukweli, kwamba mashine haikuwa mgonjwa, kwamba sauti ilipotea kwa sababu nakala haikuwahi kufanyika. Nilisema haikufanyika. Sikusema ni nani hakuifanya. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba uliokuwa begani kwangu, na mzee alikuwa amesimama karibu yangu, ananisikia.

Motari alisema twende tukamuulize hata hivyo mwenye kibanda, maana yule mtu ni mchoyo, hakuna kitu anachokitupa.

Kibanda kiko upande wa chini wa soko, kati ya mshona viatu na muuza sabuni. Mwenyewe ni mwanamume mnene, mkimya, mwenye kompyuta ya zamani na paneli moja juu ya paa. Nilipomweleza alitazama kando, kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akakiri biashara yake ilivyo. Kila kadi inayoingia kwake, kabla ya kuifuta anainakili yote kwenye diski yake, ili kuvua nyimbo ambazo yeye hana na kuwauzia wengine. Hajawahi kuchagua. Anakusanya tu, anatia yote katika folda moja, na ikijaa ananunua diski nyingine.

Nilitaka kumkumbatia. Mtu huyu, bila kitabu, bila skripti, alikuwa amefanya mchana kweupe, kila siku aliyofungua kibanda, kile nilichokuwa nadanganya kila Jumatatu kwamba nakifanya.

Lakini alipoifungua folda ile, furaha ikaniisha. Ilikuwa na maelfu ya mafaili, majina yake ni namba tupu, na tarehe zimevurugika kwa sababu saa ya kompyuta yake hurudi nyuma kila betri ikiisha. Upande wa Kabambare mawingu yalikuwa yamesimama meusi. Alinionya kwamba mvua ikianza paneli haileti kitu, na betri yake inabeba saa moja, labda na kidogo. Kompyuta ya redio nilikuwa nayo kwenye mfuko, lakini chaji yake ilikuwa nusu. Kusikiliza yote kungechukua wiki nzima, na mwanamke alitakiwa kuondoka alfajiri.

Niliketi juu ya kreti ya soda, nikachomeka diski yake kwenye kompyuta yangu, nikafikiri. Nini kinatofautisha tangazo letu na wimbo? Dakika mbili. Wimbo ni mrefu na mzito, tangazo ni fupi na jepesi, na sisi tulikuwa tukiyabana zaidi ili motari wayapakue upesi. Nikaandika mistari mitatu: tafuta kila faili lenye uzito chini ya kiasi fulani, linakili kwenye folda mpya, mwisho niambie umepata mangapi. Safari hii sikuliamini neno la mashine. Iliposema mia moja na sita, nilifungua folda nikahesabu kwa kidole, na mwenye kibanda akahesabu nyuma yangu.

Mwanamke wa Wamaza alivaa visikizio. Tulikubaliana atikise kichwa ili niende kwenye faili lingine, ainue mkono kama amemsikia. Nilibonyeza, akatikisa. Nilibonyeza, akatikisa. Nilikuwa naona kwenye uso wake anachosikia, mlio wa simu, vicheko vya watu, mahubiri yaliyokatika, tangazo la mtu mwingine anayemtafuta mtu mwingine. Hayo ya mwisho yalimchukua muda, alikuwa akiyasikiliza kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na sikumharakisha. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Mwenye kibanda akazima feni, akazima taa, akazima hata simu za wateja zilizokuwa zikichajiwa. Tulifika faili la arobaini, la hamsini. Kompyuta yangu ikaniambia imebaki robo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameziba upepo kwa kanzu yake, midomo inachezacheza. Adhana ya Ijumaa ilikwishatoka, lakini hakuondoka.

Kwenye faili la sabini na tatu hakutikisa kichwa. Hakuinua mkono pia. Alibaki vilevile, macho yamefunguka, hayamtazami mtu. Nilijua. Niliondoa mkono kwenye kompyuta nikauweka mapajani, nikiogopa hata kugusa meza. Dakika mbili zile zilikuwa ndefu kuliko siku zote tatu. Niliwaza, kama bibi amemlaani mtoto wake, basi nimemtafutia laana kwa bidii yangu yote.

Sauti ilipoisha, aliomba irudiwe. Nikarudia. Ndipo akavua visikizio akaviweka polepole juu ya meza, akanitazama.

"Anasema, ni miye nilimwambia aende," alisema. "Alikatala, nikamufukuza na fimbo. Mutu asiseme mwanangu aliniacha. Ni miye nilisema."

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaendelea kwa maneno yake mwenyewe.

"Na ile aliita nyuma yangu, ilikuwa unga. Nilisahau unga ya watoto. Aliita nirudie nikamate unga, watoto wasilale njaa."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya soko zima, na muuza sabuni akaja kumshika bega bila kujua ni kwa nini. Mimi pia nililia. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilinakili sauti ile kwenye simu yake, kwenye simu ya motari, kwenye kompyuta ya redio, kwenye flashi niliyompa mzee aifunge katika ncha ya leso. Kila mahali niliifungua na kusikiliza maneno ya kwanza kabla ya kuamini kwamba imo. Kompyuta ilizimika tulipokuwa tumemaliza, mvua ikiwa imefunga soko lote.

Jumamosi alfajiri aliondoka na motari wa koti la kijani. Jumapili jioni simu yangu ililia, namba nisiyoijua, upepo mwingi ndani yake. Alikuwa amepanda kilima anachokijua, mahali ambapo mtandao wa Wamaza unapatikana mtu akisimama vizuri. Hakuongea sana. Alisema kaka zake walisikiliza mara tatu, kisha mkubwa wao akasogea.

"Wameniketisha katikati, Mama," alisema, na laini ikakatika.

Usiku huo maneno ya bibi wa fimbo hayakuniacha. Aliuma meno, akapandishwa kwenye pikipiki akiwa mgonjwa, akavumilia barabara ile yote, ili akae mbele ya kipaza sauti aseme kwamba amri ilitoka kwake. Alijua mtu fulani atabebeshwa. Alitaka kuuondoa mzigo ule mgongoni kwa mwanawe angali na pumzi. Na ni mimi niliyezitazama taa za mashine wakati anasema, bila kujua kwamba siku moja maneno yake yatanihusu.

Jumatatu tulikusanyika barazani. Mzee aliitwa, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia mikononi. Direkta alianza kwa upole, akisema mzee ametumikia nyumba hii vizuri, lakini jambo lililotokea ni zito. Watangazaji walikuwa wakitazama viatu vyao. Nilijua jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyeiona ile karatasi zaidi ya mzee na mimi, na mzee alikuwa amekwisha kuchagua kunyamaza. Nilihitaji tu kukaa kimya kwa dakika kumi.

Nilisimama. Nilitoa karatasi kutoka chini ya mkoba, nikaikunjua mikunjo yake minne, nikamkabidhi direkta.

"Ni miye nilimwambia azime," nilisema. "Nilimwandikia, nikamsomea mara mbili. Na saa nane ya usiku ni miye niliiweka. Kwa miezi mitatu nilikuwa nawaambia iko, na sikuwahi kufungua kutazama. Huyu mzee hana kosa."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Direkta aliisoma, akavua miwani, akasema tutaongea wawili baadaye, na tuliongea, na haikuwa mazungumzo ya kupendeza. Ile karatasi ilimfikia mzee mwisho wa wote. Aliishika kwa umbali, maana macho yake hayaoni karibu, akaisoma yote pamoja na sahihi, kama vile ni mara ya kwanza. Nikamwomba radhi mbele ya walewale walionisikia nikimfokea.

Alivaa kofia yake. Akakunja karatasi, akanirudishia, akasimama kuchukua funguo zake mezani.

"Basi, Mama, nimesikia," alisema. "Sasa nizime saa ngapi?"